Kupiga kambi Corsica na watoto

Dada, nimekusoma: unakwenda Corsica, kile kisiwa cha Ufaransa, mwezi Agosti na hema na watoto, na unataka mandhari nzuri bila kuhangaika. Anzeni Porto, upande wa magharibi. Ghuba yake ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1983, na jua likizama miamba ya Piana huwa myekundu kama kaa la moto. Kisha pandeni Corte, mji wa milimani, watoto waoge mtoni. Bonifacio, kule kusini, nako kunapendeza, ila upepo wake si mchezo. Chukua vigingi virefu.

Usithubutu kulala ufukweni wala kando ya barabara. Sheria inakataza, na faini ipo. Weka nafasi mapema kwenye kambi za kulipia. Moto wa kuni usahau kabisa, misitu ile huwaka upesi.

Kivuli utakitamani, lakini tazama juu kabla ya kusimamisha hema. Tarehe 18 Agosti 2022 dhoruba ilivuma zaidi ya kilomita 200 kwa saa, miti ikaangukia kambi na watu wakafa. Kila asubuhi angalia tahadhari za Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Zikipanda, wahamishie watoto kwenye jengo imara. Dharura piga 112.