Tairi moja kwa barabara ya Moshi na kwa siku ya mbio: namna ya kulichagua

Kwanza hesabu siku. Gari linalokupeleka kazini Arusha mjini, linaloteremka Moshi kwa ndugu mwisho wa mwezi, na ambalo mara nne tu kwa mwaka unaliingiza kwenye lami iliyofungwa ulikimbize, hilo ni gari la barabarani. Siku zaidi ya 360 litakanyaga matuta, mashimo na mchanga unaodondoka kwenye malori. Tairi linunuliwe kwa ajili ya siku hizo, kisha liongezewe kidogo upande wa mbio. Wengi hugeuza hesabu: wananunua tairi laini la mashindano, masika inawakuta nalo USA River maji yanakatiza barabara, ndipo wanagundua kwamba mifereji yake ni kama mapambo.

Na tuelewane, hapa tunazungumzia lami. Mbio za vumbi, ambazo huku kwetu ndizo zenye mashabiki, zina matairi yake ya kashata nene (ule mpira wa juu unaokanyaga barabara) na ubavu mgumu. Hayo ni mambo mengine.

Ubavuni mwa tairi tafuta neno TREADWEAR na namba inayolifuata. Ni kipimo cha Marekani cha kudumu kwa kashata: 100 ndiyo msingi, na 200 maana yake tairi lilidumu mara mbili ya lile la msingi kwenye jaribio. Jaribio hufanywa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo 200 ya kampuni hii si lazima ilingane na 200 ya ile. Hata hivyo namba inakupa picha. Michelin Pilot Sport 4S ni 300: linashika, linaondoa maji, linavumilia safari. Hankook Ventus RS4 ni 200: linastahimili joto la mbio mzunguko baada ya mzunguko, ila lina kelele na linaisha mapema. Toyo Proxes R888R ni 100, na hilo ni tairi la mashindano lililopewa ruhusa ya barabarani, basi. Tairi lililotengenezwa kwa soko la Japan pekee huenda lisiwe na namba hiyo; hapo fuata jina la modeli.

Kwa seti moja ya kazi zote, chukua daraja la 300. La 200 ni la aliye tayari kupunguza mwendo Machi hadi Mei na kununua tena mapema. La 100 lifungwe kwenye rimu zake za akiba, lipakiwe kwenye gari, likafungwe huko huko kwenye mbio. Mpira wake unataka joto ndipo unate. Asubuhi ya Julai, Arusha ikiwa na nyuzi 12 au 13, kona ya kwanza kutoka nyumbani utaikata juu ya mpira mgumu usioshika. Likishapata joto nalo linaokota kila kokoto la mtaani, na kokoto lililonasa kwenye mfereji huchimba taratibu kuelekea kwenye nyuzi zilizofumwa ndani ya tairi.

Kuna jambo huwashangaza wengi: tairi jipya kabisa si zuri uwanjani. Kashata ikiwa ndefu inayumba kila unapokata kona na kufunga breki, na kule kuyumba kunazalisha joto ndani ya mpira. Baada ya mizunguko mitatu minne gari linaanza kuteleza kama lami imepakwa mafuta; ukiendelea kulazimisha, vipande vya kashata vinachanika. Tairi lililoliwa hadi mifereji ikabaki na kina cha milimita 4 hivi linatulia zaidi. Lakini hilo hilo kwenye mvua kubwa limeshapoteza sehemu ya uwezo wake, na likifika milimita 3 usilitegemee kwa mwendo wa kasi kwenye maji, japo vile vinundu vya ukomo ndani ya mifereji vimewekwa kwenye 1.6.

Saizi usiibadili kwa mapenzi ya macho. Toyota Altezza RS200 ilitoka na 215/45R17, Subaru Impreza STI nyingi za rimu 17 zilitoka na 225/45R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya mwisho ni rimu kwa inchi, na ya katikati ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana: ubavu wa 225/45 ni milimita 101. Ukipanda rimu 18 na 225/40, ubavu unabaki 90, na hizo 11 ulizopoteza ndizo zilizokuwa zikiokoa rimu yako kwenye shimo lililojaa maji. Kimo cha gurudumu zima kisipishane na cha awali kwa zaidi ya asilimia 3. Tena upana wa tairi uendane na rimu: 225/45 inataka rimu ya inchi 7 hadi 8.5. Ukilibana kwenye rimu ya 6.5, tairi linavimba katikati, na kwenye kona linalala ubavu.

Wenye Subaru wana sharti la ziada. Magurudumu yote manne yanavuta, na ndani ya gia kuna kifaa kinachosawazisha mbele na nyuma. Matairi yakipishana mzingo, kifaa hicho kinafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, kinachemka, kinakufa. Subaru wanataka tofauti isizidi robo inchi ya mzingo, yaani milimita 6 hivi, ambayo ni kashata kupishana milimita 1 tu. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati ya kashata, andika namba nne. Ukipasua moja na matatu yaliyobaki yameshaliwa, kununua moja jipya si kuokoa hela.

Dukani, kabla ya bei, tafuta tarehe. Ni namba nne kwenye kifremu kidogo mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ligeuze. Kwa matumizi ya mbio usichukue lililopita miaka mitatu, hata kama bado lina vinywele vyake vya kiwandani. Lililokaa mwaka mzima juani mbele ya duka likitangaza biashara ni zee kuliko tarehe yake.

Mtumba ndio wenye mitego. Mtego wa kwanza ni tairi la theluji kutoka Japan. Linang'aa, kashata zimejaa, bei nzuri. Lichunguze: kila kashata imekatwakatwa mikato myembamba ya kujikunjakunja kama imepitishwa wembe, na ubavuni kumeandikwa STUDLESS au kumechorwa mlima wenye alama ya theluji. Blizzak na iceGUARD ni za ukoo huo. Mpira wake umeundwa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya saa nane mchana unalegea, breki zinakuwa ndefu, na uwanjani hautamaliza hata nusu saa.

Mtego wa pili ni tairi la kuchongwa. Kipara kinachongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, kinapakwa dawa nyeusi, kinarudi sokoni. Ingiza kidole kwenye mfereji. Sakafu ya kiwandani ni laini na ya kina kimoja, na kila baada ya nafasi fulani kidole kinagonga kinundu cha ukomo. Ya kuchongwa inapanda na kushuka, kingo zina makovu, vinundu vimekatwa au havipo. Kisha pitisha kiganja ndani ya tairi, upande wa hewa: ukikuta raba iliyobandikwa ubavuni au alama za mshono, rudisha. Ubavu ulioshonwa unaweza kuvumilia kwenda sokoni Kilombero. Kwenye kona ya kilomita 120 kwa saa utafunguka. Pancha ya kamba kwenye kashata ikufikishe nyumbani tu. Na fundi akikushauri uweke mpira wa ndani kwenye tairi la ubavu mfupi, mshukuru uondoke nalo, maana msuguano wa mpira na tairi huzaa joto usilolihitaji.

Yakishafungwa, kilomita 150 za kwanza endesha kwa upole; utelezi wa dawa ya kiwandani bado uko juu ya mpira. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo. Toyota nyingi zinataka Nm 103. Mashine ya upepo ikaze kwa hasira na siku ya kubadili utakata stadi, ile boliti inayoshika gurudumu. Rudia kuzikaza baada ya kilomita 50, na tena baada ya raundi ya kwanza uwanjani, rimu zikishapoa.

Upepo ndio unaoharibu siku za wengi. Nunua kipimo chako, cha kituo cha mafuta kimeshadondoshwa mara nyingi. Kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban psi 1.5, na kukimbia kwa nguvu huongeza 5 hadi 8. Kwa gari la kilo 1,300 hivi lenye matairi ya daraja la 300 au 200, lenga psi 34 hadi 38 yakiwa ya moto. Anza na kama 30 yakiwa baridi, kimbia, ingia, pima hapo hapo kabla hujashuka kupiga soga, punguza yaliyozidi. Waliojaza Dar wajue kipimo kitasoma karibu psi 2 juu wakifika Arusha, kwa sababu hewa ya nje huku juu ni nyepesi. Arusha na Moshi hazipishani hata psi moja.

Chaki ya shuleni inatosha kukuambia ukweli. Piga mistari mitatu begani mwa tairi, kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni. Karibu na bega kuna kipembetatu kidogo. Baada ya mizunguko mitatu, chaki ikiwa imefutika hadi kwenye kipembetatu, upepo uko sawa. Imefutika kupita hapo, ongeza psi 2. Imebaki hata ukingoni mwa kashata, punguza. Bega la nje likiliwa peke yake huku upepo uko sawa, gurudumu limesimama wima mno. Mwambie fundi wa alaimenti alilaze ndani kichwani, nyuzi 1.5 zinatosha kwa gari linalotembea kila siku, na magurudumu ya mbele yasitazamane wala kuachana. Kutazamana ndiko kunakomaliza tairi, kulala si sana.

Kosa la mwisho hutokea kesho yake. Ulipunguza upepo tairi likiwa moto. Usiku limepoa, sasa lina 26. Ukilipakia familia hivyo hivyo kuelekea Bomang'ombe, ubavu unajikunja kila mzunguko hadi nyuzi za ndani zichoke, na utaona uvimbe wiki mbili baadaye bila kujua ulitoka wapi. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, rudisha upepo kwenye namba za kibandiko cha mlango wa dereva, kisha pitisha mkono upande wa ndani wa kila tairi, kule usikokuona ukiwa umesimama.