Mlemavu au mtu mwenye ulemavu? Na zeruzeru je?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Mwanza. Niliandika tangazo la kikao cha wazazi: "Walemavu na mazeruzeru wakae viti vya mbele." Nia yangu ilikuwa njema, nilitaka waone na wasikie vizuri. Mwenzangu akalibandua, akasema nimetukana watu. Maneno hayo yamo kwenye kamusi na nimeyasikia tangu utotoni. Je, nimekosea lugha, au nimekosea adabu tu?

JIBU: Mwalimu, sarufi yako haina kosa. Ila hapo kwenye "adabu tu" ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu namna mtu anavyotajwa ni sehemu ya haki zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na papo hapo inataja haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Katiba yetu ya Tanzania haikuingia kwenye maneno kiasi hicho, lakini ibara ya 12 inasema: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Mzazi anayesoma tangazo ukutani anastahili heshima hiyo hapo hapo aliposimama.

Tuanze na mlemavu. Neno hili limetokana na kitenzi lemaa, kama mpotevu alivyotokana na potea na mnyamavu na nyamaa. Kiishio hicho cha -vu kina nguvu kuliko tunavyodhani. Mtu aliyenyamaza leo kikaoni hatumwiti mnyamavu. Mnyamavu ni yule ambaye ukimya ndiyo tabia yake yote. Kwa hiyo ukisema mlemavu, umemchukua mtu mzima ukamwingiza ndani ya ulemavu wake. Mwenye hufanya kazi tofauti. Mwenye nyumba si nyumba, na mwenye homa si homa. Mtu anabaki mbele, kile alicho nacho kinafuata. Ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 nao tunauita hivyo hivyo. Huko Kenya utasikia sana "watu wanaoishi na ulemavu". Sipingi, ila naona mwenye linatosha, na ni fupi.

Siwezi kusema mlemavu ni tusi. Liliposhika nafasi ya kilema lilikuwa hatua ya heshima, na wapo watu wazima wenye ulemavu wanaojiita hivyo bila kinyongo. Wao wana ruhusa hiyo. Wewe unayeandika kwa niaba ya shule, tumia mwenye.

Hapa wapo wanaodai kwamba kosa lote liko kwenye ki-: kipofu, kiziwi, kiwete, eti Kiswahili kimewaweka watu hawa kundi moja na viti na visu. Dai hilo nalikataa. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo humo humo na hakuna anayelalamika. Dharau hujitokeza kwenye upatanisho wa kisarufi. Mtu akisema "kiziwi yule amefika", amemtaja mtu. Akisema "kiziwi kile kimefika", hapo amemgeuza kitu, na kila Mswahili anaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa. Viziwi wenyewe wamelishika neno lao: chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wanalolikataa ni bubu, na wana haki, kwa sababu wana lugha kamili, Lugha ya Alama, na mtu anayeongea kwa mikono mchana kutwa huwezi kumwita bubu.

Zeruzeru ni jambo zito zaidi. Ni kweli limo kamusini, lakini kamusi huandika yale watu wanayosema, haitoi kibali cha kuyasema. Neno hili limetembea na imani moja mbaya tuliyoisikia wengi tukiwa wadogo: kwamba zeruzeru hafi, hutoweka. Imani hiyo ilimtoa mtu kwenye ubinadamu kabla hajaguswa na mkono wa mtu. Kisha wakaja waliotafuta viungo vya miili, na mtaani likazuka neno dili, yaani biashara ya kuleta fedha. Niliwahi kusimama stendi, binti mmoja mwenye kofia pana na nguo ya mikono mirefu akashuka kwenye basi, na mpiga debe akasema, "Dili hiyo imeshuka." Hiyo imeshuka. Hakusema huyo ameshuka. Binti alisikia, akavuta kofia chini akaenda zake. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa huko Muleba, Kagera. Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino. Katika nchi yenye historia hiyo, neno zeruzeru kwenye ubao wa matangazo wa shule linatisha, hata kama aliyeliandika ana moyo safi kama wako.

Sema mtu mwenye ualbino. Ualbino umeundwa kwa U- ile ile ya utu, udugu na utoto, umekaa vizuri kabisa katika lugha yetu. Na nakuomba pia uepuke "mlemavu wa ngozi", ambalo magazeti yamelizoea. Linaonekana la heshima lakini linapotosha, kwa sababu ualbino unagusa ngozi, nywele na macho, na wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Mwalimu aliyeshika neno ngozi atahakikisha mtoto anakaa kivulini, jambo jema, kisha atamweka nyuma ya darasa ambako hasomi hata herufi moja ubaoni. Halafu ataandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito kuelewa.

Wewe umeshalijua la macho, ndiyo maana uliwatengea viti vya mbele. Basi libandike tena tangazo lako hivi: "Wazazi wenye ulemavu na wenye ualbino wametengewa viti vya mbele, atakayependa kukaa kwingine anakaribishwa." Liandike kwa herufi kubwa, wino mweusi, asiyeona vizuri alisome mwenyewe. Na kama mzazi uliyemfikiria ni mmoja tu, tangazo la nini? Mpigie simu, mwite Mama fulani kama unavyowaita wengine, umuulize angependa kukaa wapi.