Zima Skrini Kwanza: Niliyojifunza Nikimtengenezea Mjomba Gemu la Nyoka

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Muheza. Anasoma kompyuta, ana rafiki asiyeona, na anataka kulichukua gemu la zamani aligeuze liwe la kusikiliza. Swali lake fupi: "Kaka, nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu. Nilipojikuta nimefika ukurasa wa pili nikaona bora niliweke hapa wote mlione, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, na wengi mtajikwaa palepale nilipojikwaa mimi.

Mjomba wangu alikuwa karani bandarini hapa Tanga. Enzi zile Nokia 3310 ndiyo simu, yeye alikuwa nayo, na jioni ukipita kwao Makorora unamkuta barazani kainama, kidole gumba kinacheza. Gemu la nyoka: unamwongoza nyoka ale chakula, kila akila anarefuka, na akijigonga mkia anakufa. Sisi watoto tulijipanga nyuma ya bega lake tukisubiri nyoka afe tupewe zamu, na nyoka hafi. Baadaye ikaja presha ya macho. Ilianza jicho la kulia, na kwa kuwa haiumi, alipokwenda kupimwa ilikuwa imeshakula sehemu kubwa. Ugonjwa ule ukichukua haurudishi. Sasa ni miaka 11 haoni.

Siku moja, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine kabisa, akauliza: "Yule nyoka bado yupo kwenye masimu yenu haya?"

Nikamwambia nipe wiki mbili. Mimi si ndiye fundi wa ukoo? Nilijiona nimeshamaliza kabla sijaanza.

Toleo la kwanza nililifanya kwa akili ya mtu anayeona. Kila kilichokuwa kwenye skrini nilikipa mlio wake. Chakula kinapiga filimbi, kuta nne zinavuma, kila pingili ya nyoka inalia. Kushoto na kulia nikagawa kwenye masikio, juu nikaweka sauti nyembamba, chini sauti nene. Kwenye karatasi lilipendeza hadi nikalipiga picha. Mjomba akavaa hedifoni, akasikiliza kama nusu dakika, akazivua, akaziweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo wote wawili), "umenipeleka soko la Mgandini saa nne asubuhi halafu unaniambia nitafute mtu anayeninong'oneza."

Niliumia, sitaficha. Nilinuna wiki tatu. Nilikuwa najiambia mzee hajui teknolojia, masikio yamechoka, na visingizio vingine vya mtu aliyeshindwa. Mpaka dada yangu aliponiuliza, "Wewe mwenyewe umeshalicheza hilo gemu umefumba macho?" Sikuwa nimelicheza. Nililijaribu usiku ule, skrini nimeifunika kwa kanga. Nilikufa ndani ya sekunde sita, na mimi ndiye niliyeliandika.

Kwa hiyo msomaji wangu wa Muheza, unaanzia hapo. Zima skrini siku ya kwanza, usingoje siku ya maonyesho.

Niliporudi kwa Mjomba nilimkuta anatoka kwenda dukani, nikamfuata nyuma. Anakwenda na fimbo yake, hapapasi ovyo. Nikamuuliza anajuaje njia. Akasema: "Nikienda, mashine ya kusaga iko mkono wa kushoto, fundi wa kuchomelea yuko kulia. Nikirudi, mashine iko kulia, fundi kushoto. Basi." Kisha akanichoma: "Kwenye gemu lako unaniambia chakula kiko juu. Juu ya nini? Mimi sijui kaskazini ya simu yako. Najua mkono wangu wa kushoto."

Nilisimama pale barabarani, baiskeli zinanipigia kengele nihame, nikaelewa kuwa nililazimika kulitupa gemu zima.

Anayeona hulitazama gemu la nyoka kutoka juu, kama ndege. Asiyeona anamtaka nyoka kutoka ndani, yeye ndiye kichwa. Kwa hiyo nikafuta vitufe vinne, nikabakiza viwili: geuka kushoto, geuka kulia. Nyoka akigeuka, dunia yote inazunguka naye. Chakula kilichokuwa sikio la kulia, ukigeuka kulia kinahamia katikati, mbele yako, na unajua sasa ni kwenda moja kwa moja. Mjomba alilishika hilo ndani ya dakika moja, hata sikumaliza kueleza.

Ikabaki taabu ya mbele na nyuma. Masikio hutambua upande kwa sababu sauti ya kushoto hufika sikio la kulia ikiwa imechelewa kidogo sana, haizidi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na imefifia kwa kuwa kichwa kimeikinga. Lakini kitu kilicho mbele kabisa na kilicho nyuma kabisa hufika masikio yote mawili sawasawa. Kwenye hedifoni, kwa kugawa kushoto na kulia tu, huwezi kuvitofautisha. Nilichofanya ni kuitia uziwi sauti ya nyuma, nikakata ule ukali wake wa juu, isikike kama inatoka nyuma ya mlango uliofungwa. Ikikaa mbele, inang'aa. Si jambo la kweli kama maumbile yalivyo, ila mchezaji analizoea haraka.

Na mlio wenyewe una mambo yake. Filimbi yangu ya mwanzo ilikuwa sauti moja nyororo isiyokatika, na sauti za namna hiyo ni ngumu kuzijua zimetoka wapi. Sikio hupenda mlio mfupi, unaoanza ghafla, wenye ukali na uzito ndani yake kwa pamoja. Nikaweka kengele ya baiskeli. Mji wa Tanga ukikosa kengele ya baiskeli utapata wapi? Mjomba aliposikia ile "kling" ya kwanza aligeuza shingo kabisa, kana kwamba kuna mtu anataka kupita.

Kuta nazo zikaondoka kwa ugomvi. Mimi nilishikilia kwamba nyoka akigonga ukuta anafa. Mjomba akakataa katakata: nyoka wake alikuwa anapita ukutani anatokea upande wa pili. Nikafuatilia, tukawa wote tuna haki. Nyoka wa kwanza wa Nokia aliandikwa na Taneli Armanto wa Ufini kwa ajili ya simu ya 6110 ya mwaka 1997, na huyo hufa ukutani. Wa kwenye 3310, iliyotoka mwaka 2000, ndiye anayepenya. Nikamrudishia nyoka wake, na kwa bahati njema mivumo minne ya kuta ikafutika. Gemu likapumua.

Mkia ndio ulionitoa jasho. Nyoka akifika pingili 30, ukiipa kila pingili mlio una kwaya kichwani. Dawa yake ilitokana na kimya. Programu sasa inaangalia vyumba vitatu tu vinavyopakana na kichwa cha nyoka: cha mbele, cha kushoto, cha kulia. Mkia ukiwa kushoto kwako, unasikia "tik" sikio la kushoto. Ukiwa kulia, sikio la kulia. Ukiwa mbele, mdundo mzito masikio yote mawili, na hapo una hatua moja ya kujiokoa. Kukiwa salama hakuna mlio wowote. Nilichelewa sana kujua kwamba kimya nacho ni habari.

Sauti za maneno alizisoma dada, tumejifungia chumbani godoro limeegemezwa mlangoni. Hatukuangalia saa. Neno "Umekufa" likarekodiwa pamoja na adhana ya magharibi kwa mbali, kwa hiyo kwa wiki nzima nyoka alikuwa akifa na adhana inasikika. Mjomba alicheka, halafu akasema hilo si la kuchezea, karekodini upya. Tukarekodi upya.

Miezi minne ya kuandika programu siwachoshi nayo.

Sasa nifike kwenye kidonda. Mwaka jana nilipeleka gemu kwenye shindano moja la wabunifu vijana, Dar es Salaam. Nikaenda na Mjomba kwa basi kutoka Kange, nauli yangu, yeye amevaa kanzu yake nzuri. Tulipopewa nafasi, jaji mmoja akaitazama simu akauliza, "Mbona skrini nyeusi, imegoma?" Nikamweleza ni gemu la kusikiliza, nikampa hedifoni. Hakuzivaa. Akasema wasioona wana mahitaji ya msingi zaidi kuliko magemu. Kisha akaniuliza mimi, Mjomba amekaa pale kando yangu, "Mzee anasikia?"

Mjomba akajibu mwenyewe: "Nasikia, mwanangu. Na kazi yote ni hiyo."

Tukarudi na cheti cha ushiriki. Nimekiweka kabatini kimegeuzwa uso.

Naandika haya bado nimekasirika, mtanisamehe. Lakini yule jaji hakujua kwamba mwaka 1997 huko Japani Kenji Eno alitoa gemu la Sega Saturn (mashine ya kuchezea magemu) lisilo na picha kabisa, kwa kuwa aligundua kuna wasioona wanaojikakamua kucheza magemu yake. Wala hakujua kwamba The Last of Us Part II ya mwaka 2020, gemu la fedha nyingi, lilitoka likiwa na milio maalumu ya kumwezesha asiyeona kulicheza mpaka mwisho. Mtu akikuambia asiyeona hahitaji mchezo, muulize yeye mwenyewe mara ya mwisho ameangalia mpira ilikuwa lini, na ulimfaa nini. Vijana wenzangu, tuache tabia ya kumwona mlemavu kama mtu wa kupelekewa unga na fimbo tu. Naye anataka kushindana, kukasirika, kumtukana nyoka. Msiwatengenezee watu vitu msivyowauliza. Nimesema hapo juu zima skrini siku ya kwanza, sasa naongeza: mpe mchezaji hedifoni siku hiyohiyo.

Mambo madogo niliyoyalipia, myapate bure. Gemu likifunguka, litamke "kushoto" sikio la kushoto na "kulia" sikio la kulia, maana mtu akivaa hedifoni kinyume atajilaumu yeye bila kujua. Hedifoni ziwe za waya. Zile za Bluetooth za bei rahisi huchelewesha sauti, na nyoka hangoji. Nilihangaika siku tano nikitafuta kosa kwenye programu kumbe kosa liko masikioni. Hakikisha simu haijawekwa kwenye mono, ile inayopeleka sauti ileile masikio yote mawili. Na kama mchezaji anatumia TalkBack (programu ya Android inayomsomea asiyeona kilicho kwenye skrini), kumbuka kutelezesha kidole kimoja ni amri ya TalkBack, kwa hiyo gemu lako halitaipata. Jaribu nayo ikiwa imewashwa, si imezimwa. Na zima skrini. Nimeshasema?

Kuna jingine. Mjomba aliwahi kumwona nyoka wa simu, kwa hiyo alikuwa na picha kichwani. Nilipolipeleka gemu kwa kijana wa kidato cha pili aliyezaliwa haoni, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kwani nyoka anatembea kwa kona kona?" Nikajaribu maneno, nikakwama. Mjomba ndiye aliyesema leteni bao. Tukaweka kete saba kwenye mashimo, moja moja kwa mstari. Nikamshika yule kijana mkono, nikamwambia toa kete ya mwisho, iweke shimo la mbele. Tena. Tena. Sasa geuza. Vidole vyake vikaenda mpaka pembeni ya ubao, vikasimama, akacheka peke yake. "Ahaa. Mkia ndio unakuwa kichwa." Kwa miaka yote nimeliandika hilo kwenye programu kwa hesabu na sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

Sasa kijana huyo ananisumbua tufanye Space Invaders, lile la Tomohiro Nishikado la mwaka 1978, la kuwapiga risasi wavamizi wanaoshuka kutoka juu. Nimekubali upesi, kwa sababu lile nusu yake lilishakuwa la kusikiliza tangu mwanzo: noti nne nene zinazojirudia, zinazokwenda mbio zaidi kadiri wavamizi wanavyopungua. Kilichoongeza ule mwendo ni mashine yenyewe, ambayo ikibaki na vichache vya kuchora ilivichora haraka zaidi, na Nishikado akaacha hivyo hivyo. Tatizo langu ni safu. Wavamizi 55 siwezi kuwapa milio 55, hilo somo nimeshalilipia. Nafikiria kuwapa sauti wale tu walio juu ya kichwa chako. Kijana anasema hapana, anataka kusikia anayekaribia kushuka. Bado tunabishana.

Rekodi ya nyoka mpaka jana usiku ni 143, ya Mjomba. Mimi, nikifumba macho, sijavuka 58. Ameniomba niongeze spidi, nikamwambia atakufa. Akasema, "Weka tu, mjomba."