Maswali na Majibu: Mtoto Yuleyule Mara Kumi na Mbili

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Morogoro. Sijasomea sanaa popote, nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video, huu ni mwaka wa tatu. Nachora sura za watu kwa penseli kutoka kwenye picha za simu, na wateja hunilipa shilingi 40,000 kwa mchoro wa A3 unaonichukua siku nne. Wiki iliyopita mchapishaji mmoja aliona kazi zangu, akaniomba nimchoree kitabu cha watoto: picha 12 za rangi na jalada, hadithi ya msichana wa miaka sita anayemtafuta mbuzi wake aliyepotea. Anataka bei na mchoro wa majaribio. Nimejaribu, lakini yule mtoto nikimchora mara ya pili anakuwa mtu mwingine, na mikono ndiyo kabisa. Nimwambie bei gani? Na je, ninunue tableti kwanza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza bei, lakini mimi nitaanza na lile ulilolitaja kwa kupita, kwamba mtoto ukimchora mara ya pili anakuwa mtu mwingine. Hicho ndicho mchapishaji anachonunua. Picha moja nzuri wapo wengi wa kumpa. Anayetafutwa ni mtu wa kumchora mtoto yuleyule mara kumi na mbili, amekaa, anakimbia, analia, amegeuka nyuma, na msikilizaji wa darasa la kwanza asimpoteze njiani.

Sura za penseli zimekufundisha subira na namna ya kupandisha kivuli taratibu kutoka penseli ya 2B mpaka ile nyeusi zaidi, 6B. Kuchora hazijakufundisha sana. Nisamehe kwa kulisema hivyo; mimi mwenyewe nilikaa humo miaka miwili nikidhani nimefika. Unapopiga miraba juu ya picha ya simu na kuihamishia kwenye karatasi, kamera imeshaamua mwanga unatoka wapi, pua imeelekea upande gani na shingo imeungana vipi na bega. Kazi yako ni kunakili majibu. Sasa umeletewa mtihani ambao majibu yake hayapo popote: hakuna aliyempiga picha mtoto huyu akichungulia chini ya kitanda kumtafuta mbuzi.

Kwa hiyo weka sura pembeni kwanza, anza na maumbo. Kichwa ni mpira, kifua ni yai, nyonga ni kisanduku, mikono na miguu ni mabomba yanayokunjika. Ukiweza kuugeuza mpira na kisanduku upande wowote, unaweza kumgeuza mtoto. Kisha pima kwa vichwa. Mtu mzima hukadiriwa kuwa na urefu wa vichwa saba na nusu. Mtoto wa miaka sita hufika kama sita tu. Wengi wetu tuliojifunza wenyewe humpa mtoto vipimo vya mtu mzima halafu tunampunguza, ndiyo maana anatoka kama mjomba aliyefupishwa.

Chukua karatasi ya A3 umsimamishe mtoto mara nne: mbele, robo tatu, ubavu, mgongo. Piga mistari mirefu inayopita kwa wote wanne kwenye macho, kidevu, bega, kiuno na goti. Pembeni yake, juu ya mistari hiyohiyo, mchore mama yake na mbuzi, ili mbuzi asifike kiunoni ukurasa wa 3 halafu kifuani ukurasa wa 10. Chini weka sura sita ndogo: amefurahi, amekasirika, anaogopa, analia, amechoka, anawaza ujanja. Halafu andika kwa maneno kila ulichoamua, gauni lina mifuko mingapi, kandambili ni za rangi gani. Nywele ndizo za kuangalia zaidi. Katika kitabu changu cha kwanza nilimsuka msichana twende kilioni ya mistari saba. Kufika ukurasa wa 9 imebaki mitano. Mhariri hakuona, nami sikuona. Aliyeona ni mtoto mmoja siku kitabu kinasomwa darasani. Aliuliza kama dada alinyofolewa nywele na mbuzi wa ukurasa uliotangulia. (Ndiyo, na changu kilikuwa na mbuzi. Vitabu vya watoto huku kwetu vina mbuzi wengi.)

Karatasi hiyo, yaani karatasi ya mhusika, ibandike ukutani mbele ya meza, na kila picha mpya ianze kwa kuitazama.

Mikono haihitaji hotuba. Anza na umbo la mwiko: kiganja na vidole vinne kama kitu kimoja bapa, dole gumba peke yake. Vidole vigawanye mwishoni. Mfano wa kuchora unao hapo ulipo: mkono wako usiochorea, ukishika kikombe, ufunguo, kamba, sikio la sufuria. Michoro mia moja, dakika mbili kila mmoja, ni saa tatu na ushee za kazi jumla.

Miili nenda ukaitafute. Uko Morogoro, una stendi ya Msamvu, na sioni darasa zuri kuliko hilo. Watu wanaosubiri basi hawatulii, lakini hurudia mkao uleule: mama anayemweka mtoto vizuri mgongoni, kijana aliyelalia begi, mpiga debe aliyenyoosha mkono. Jipe kati ya sekunde thelathini na dakika mbili kwa mtu, kalamu ya wino isiyofutika, daftari la bei rahisi. Usichore nyusi wala kope. Tafuta uzito wa mwili umeegemea mguu upi. Mtu akikukazia macho, mwonyeshe daftari na umwombe radhi. Askari na majengo yao waache kabisa. Mimi niliwahi kuzungukwa na wamachinga waliodhani nimetumwa kuorodhesha meza zao, nikaokolewa na picha ya mama ntilie ambayo kila mtu alimtambua.

Tuje kwenye pesa. Leo unapata 40,000 kwa siku nne, yaani 10,000 kwa siku, bado hujatoa karatasi, penseli na nauli. Usiichukue bei hiyo ukaizidisha kwa 12. Anza upande wa pili: mwezi wako unagharimu kiasi gani, chakula, pango, umeme, bando, na kidogo cha kumtumia mama? Tuseme 600,000. Siku za kuchora hasa katika mwezi si 26, kwa sababu kuna kufuatilia wateja, kurekebisha, kuugua na umeme kukatika. Weka 15. Ukigawa unapata 40,000 kwa siku. Picha ya rangi ya ukurasa mzima, pamoja na rasimu na marekebisho, kwa mtu wa kiwango chako itakula siku mbili: 80,000. Mara 12 ni 960,000. Jalada lihesabu peke yake, kwa sababu ndilo linalouza kitabu na ndilo litakalorekebishwa mara nyingi kuliko picha yoyote; mimi hulitoza kama picha mbili. Umefika 1,120,000, ongeza vifaa. Hiyo ndiyo sakafu. Ukishuka chini yake utakuwa unamlipia mchapishaji kitabu chake. Tarakimu za maisha yako zinaweza kuwa nyingine, hesabu ni hiyohiyo.

Juu ya sakafu, bei hupanda kwa matumizi. Muulize: nakala ngapi, lugha ngapi, nchi zipi, kwa miaka mingapi, na je, picha zitaingia kwenye kalenda, fulana au katuni ya video? Kuchapa nakala 2,000 za Kiswahili ni jambo moja. Kuchukua "haki zote milele" ni jingine, na maneno hayo hupenyezwa kwenye mkataba kama vile hayana bei. Mchoro huanza kulindwa na hakimiliki mara unapouchora, bila kuusajili, na hapa Tanzania ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hukupa ushahidi mkiingia kwenye ugomvi. Kwa hiyo andika kwenye mkataba umeruhusu nini, na kwamba yasiyotajwa yamebaki kwako. Karatasi zenyewe ulizochorea pia ni zako, mpe faili.

Wengine huniuliza kama mtindo nao unalindwa. Haulindwi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila kupita shule yoyote ya sanaa, kwa rangi za mafuta zilizotumika kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao vya mraba. Aliuzia Oysterbay, kwenye Morogoro Stores, wapitapo wageni. Polisi walimpiga risasi mwaka 1972 wakimdhania mhalifu, hivyo kazi yake yote ni ya miaka minne hivi. Mnyama mmoja akijaza ubao, nyuma yake rangi iliyotulia: alirudia hivyo mpaka ndugu na wanafunzi wake wakaweza kuuendeleza, na leo jina lake limekuwa jina la aina ya picha zinazouzwa na mamia ya watu. Mtu mwingine akichora chui kwa namna hiyo hajaiba. Akinakili chui fulani wa mchoraji fulani, alama kwa alama, ameiba. Wewe uko upande wenye nafuu: mtoto wako anayemtafuta mbuzi ni mchoro mahususi, na karatasi ya mhusika yenye tarehe ni ushahidi wako.

Malipo yagawe mafungu matatu: asilimia 40 kabla ya kugusa penseli, 30 rasimu zote zikikubaliwa, 30 kabla ya kukabidhi faili kubwa. Kabla, si baada. Marekebisho mawili kwenye rasimu yamo ndani ya bei; baada ya rangi kila badiliko linalipiwa. Uwe na TIN, namba ya mlipa kodi, kwa sababu kampuni itakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Dai cheti cha zuio, makato hayo uhesabiwe TRA.

Kuhusu mchoro wa majaribio, mpe karatasi ya mhusika na kipande kimoja kidogo cha rangi, kwa faili dogo lenye jina lako. Akitaka ukurasa mzima uliokamilika, ukurasa huo una bei.

Yaliyobaki ni ya kiwandani, na hapa wanaojifunza wenyewe ndipo tunapoumia. Kitabu cha A4 ni milimita 210 kwa 297. Mashine ya kukata haikati palepale, kwa hiyo rangi ivuke ukingo milimita 3 kila upande: 216 kwa 303, ambayo kwa pikseli 300 kwa inchi ni 2,551 kwa 3,579. Uso, mkono na maandishi yasikaribie ukingo chini ya sentimita moja. Nilishawahi kupokea kitabu ambacho bibi wa hadithi amekatwa nusu ya kilemba, na kosa lilikuwa langu. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mtambo wa chapa kwa wino nne, sayani, majenta, njano na nyeusi. Kijani kile kikali cha mpunga na buluu ya umeme vitapoa vikifika kwenye karatasi. Omba mchapaji akutolee ukurasa mmoja wa mfano kabla hajachapa vyote. Na faili usilitume WhatsApp kama picha, litabanwa na kupoteza ubora; litume kama dokyumenti.

Kama unachora kwa mkono, rangi za maji au akriliki kwenye karatasi nzito zinatosha, na skana ya kawaida ya duka la steshenari ikiwekwa pikseli 300 kwa inchi hufanya kazi. Kwenye kompyuta, Krita ni programu ya bure na inakubali wino nne moja kwa moja. Tableti ya kuchorea isubiri fungu la pili la malipo.