Mume Yuko Dago, Mke ni Mja Mzito

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mvuvi wa Micheweni, Pemba, na mke wangu ana mimba ya kwanza, ya miezi sita. Kazi yangu hunilazimu kukaa dago, yaani kambi ya wavuvi iliyo mbali na nyumbani, wiki mbili au tatu bila ya kurudi. Mama yangu, tunayeishi naye, anasema kuwa mimba ni mambo ya wanawake na kwamba mwanamme anayekaa kwenye benchi la kliniki anajidhalilisha. Mke wangu naye analalamika kuwa nimemwachia mzigo peke yake. Msaada wangu ni upi, na hali mara nyingi sipo?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Kwenda dago si kosa, kwani riziki yenu iko huko. La hatari ni kuondoka bila ya kuacha ruhusa. Katika nyumba nyingi mja mzito, hata akianza kutoka damu usiku, hungoja kauli ya mumewe ndipo apelekwe hospitali, na simu ya aliyeko baharini haipatikani. Basi kabla hujaondoka, mwambie mkeo, mama yako akisikia, kwamba aende hospitali wakati wowote bila ya kukungoja. Nauli ya gari mwachie mkononi mwake, usimwekee kwa ndugu wa mtaa wa pili, na namba ya dereva wa jirani iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

Mama yako pia azijue dalili zisizongoja asubuhi: kutoka damu, kuumwa sana na kichwa, kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona kiwi yanaweza kutangulia kifafa cha mimba, ambacho kinaua. Ndiyo maana kliniki hupima presha na mkojo kila mara, hata mama akijiona mzima.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio 8 katika mimba moja. Huwezi kuyafikia yote, lakini ukiwa nyumbani fuatana naye, upimwe nawe virusi vya UKIMWI na kaswende, kwa sababu mke akitibiwa kaswende peke yake, mume asiyetibiwa humrejeshea. Sioni udhalili wowote katika benchi hilo.

Ya nyumbani hayahitaji maneno mengi: ndoo za maji na kuni uzibebe wewe unapokuwepo. Vidonge vya kuongeza damu avimeze kila siku, ila asiviteremshie chai, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Maji ya chungwa husaidia yaingie.

Mama yako usishindane naye. Mwombe, kwa adabu zote, awe ndiye msindikizaji wa mkeo siku usizokuwepo, na umweleze kwamba hukusudii kumpokonya nafasi yake. Nawe hesabu wiki pamoja na mkunga: tangu wiki ya 37 uchungu unaweza kuanza siku yoyote, kwa hiyo safari yako ya mwisho ya dago iwe imemalizika kabla ya hapo.