Parachichi na kolesteroli: mama asiache

Pole kwa mama, ndugu yangu. Umeuliza kama aache parachichi kwa sababu kolesteroli yake imepanda na tunda lenyewe lina mafuta mengi. Asiache! Mafuta ni mengi kweli, karibu gramu 15 katika kila gramu 100, lakini sehemu kubwa ni ya aina ile ile iliyomo kwenye mafuta ya zeituni. Akilipaka kwenye mkate badala ya siagi, linasaidia kushusha kolesteroli mbaya.

Mimi hulikatia juu ya karoti zilizokunwa, likiwa limeiva kiasi cha kubonyea kidogo kwa kidole. Mafuta yake huusaidia mwili kufyonza virutubisho vya karoti vinavyotengeneza vitamini A. Karoti tupu hazikupi faida hiyo yote. Nyuzinyuzi nazo zipo, choo kinalainika.

Ila kama mama ana shida ya figo, tafadhali aongee na daktari kwanza, maana parachichi lina madini ya potasiamu kuzidi hata ndizi, na figo zenye shida hushindwa kuyatoa vizuri mwilini. Nusu tunda kwa siku inamtosha, kwani tunda zima kubwa linafika kalori 300.