Ng'ambo Huanzia Likoni

Sisi watu wa Mombasa neno ng'ambo tunalitumia ovyo. Mtu akivuka feri kwenda Likoni kumjulia hali shangazi yake, amekwenda ng'ambo. Mtu akipata viza ya Ujerumani, naye amekwenda ng'ambo. Nimekaa kwenye kamati ya umisheni ya kanisa letu miaka kumi na miwili, tisa kati ya hiyo nikiwa mweka hazina, na ushauri wangu kwa kanisa lolote linalotaka kutuma watu nje ni huu: kazi ya ng'ambo hiyo ya mbali ikabidhiwe watu walewale wanaofanya kazi ya ng'ambo ya feri. Sisi tulizitenganisha, tukaharibu zote mbili.

Tulikuwa na kamati mbili. Ya umisheni ilijaa watu wa ofisini, wanaojua kuandika barua pepe na kupigia mstari maneno. Ya huduma ya mtaa ilikuwa ya kina mama. Ya kwanza ilikuwa na bajeti na picha ukutani, ya pili ilikuwa na sufuria.

Nianze na kontena. Kanisa rafiki la Ulaya liliamua kututumia zawadi, nasi tukashukuru kabla ya kuuliza ni zawadi gani. Kontena likafika Kilindini likiwa na hati moja pungufu. Aliyewahi kutoa mzigo bandarini anajua kinachofuata: siku za bure zinaisha, gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa kila siku, ajenti anakwambia "kesho, mama", na hiyo kesho nayo ina bei yake. Tulifanya harambee Jumapili mbili ili tulipie zawadi tuliyopewa bure. Lilipofunguliwa, joto la Februari likitutoa jasho hadi kwenye viwiko, tulikuta sweta za sufu, buti za theluji, na katoni tatu za dawa zilizobakiza miezi miwili kuisha muda. Dawa hizo hatukuzigusa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja zinapofika nchini, na kuziingiza kunahitaji kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Nilijifunza hayo siku ileile, nimekaa juu ya katoni.

Nguo zilizovalika tulizipakia tukavuka nazo Likoni. Hapo ndipo nilipopata somo, ingawa ilinichukua miaka kulielewa. Tulipanga foleni chini ya mwarobaini, tukaomba, tukagawa. Mama mmoja, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, alipokea blauzi mbili, akazikunja vizuri, akaniambia, "Ahsante, dada. Lakini mimi Jumanne nina kliniki, na huyu mkubwa sina wa kumwachia. Nyinyi Jumanne mwapatikana?"

Nilicheka, nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia. Aliyeangalia ni mwenyekiti wa kina mama. Jumanne iliyofuata alivuka na wenzake wawili, mkeka na birika la uji. Wamekuwa wakivuka kila Jumanne tangu wakati huo. Watoto hukaa nao kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba, mama zao wakienda kliniki, wakifua nguo za watu, au wakipumzika tu. Kabla ya kuanza alikwenda kwa mzee wa mtaa, kisha kwa imamu wa msikiti wa jirani, kwa sababu nyumba nyingi pale ni za Waislamu, akaeleza kwamba ni uji na kulea, hakuna mahubiri ndani yake. Imamu alimuuliza uji una maziwa au maji. Basi.

Sasa njoo 2019. Tarehe 25 Aprili kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, wiki chache tu baada ya Idai kuibomoa Beira. Kanisa liliguswa na kuchanga vizuri, na kamati ya umisheni, yaani sisi wa barua pepe, ikaamua nini kipelekwe. Mtu akasema kule pwani ya Pemba (Pemba ya Msumbiji, si ile ya karafuu) wanazungumza kitu kama Kiswahili. Tukanunua Biblia na vitabu vya nyimbo vya Kiswahili, na watu watatu wakasafiri navyo. Nami nikiwemo.

Kimwani, lugha ya pwani ile, kweli kina undugu na Kiswahili. Kina mama wachache tulielewana nusu kwa nusu, nusu nyingine tukimalizia kwa mikono. Lakini kanisa lenyewe lilikuwa la Wamakua, shuleni walisoma Kireno, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusoma kurasa mbili za kile tulichobeba. Walipokea kwa heshima. Mzee wa kanisa alikishika kitabu kwa mikono miwili, akakifungua, akakifunga, akakiweka juu ya meza pale ambapo mvua ilikuwa ikivuja. Usiku, kwa msaada wa kijana aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam, nikamuuliza wanahitaji nini. Mbegu, akasema. Kimbunga kiliwakuta karibu na mavuno, kikachukua chakula na mbegu pamoja. Na mbegu zinapatikana sokoni hapohapo, mradi mtu awe na pesa.

Nilikuwa nimetoka na sweta zangu za sufu, nikazifikisha Msumbiji.

Mwenyekiti wa kina mama angeuliza kwanza. Hakuwemo chumbani. Tuliporudi nilipendekeza kamati ziunganishwe, na yeye awe mwenyekiti. Mabwana wawili walijiuzulu kwa barua ndefu. Barua ninayo bado.

Kuuliza kwanza si uvumbuzi wetu, na Mombasa haina kisingizio cha kutojua. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa 1844, na Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa Nyali. Mtu mwenye msiba huo angeweza kurudi kwao. Alibaki akisikiliza watu wanavyosema, akaandika sarufi ya Kiswahili na kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Watu tunaowasahau zaidi ni wale Waafrika waliookolewa utumwani, wakalelewa India, kisha wakarejea pwani hii: William Jones, George David na wenzao, waliofundisha Rabai na Freretown, makazi ya walioachwa huru huko Kisauni. Makanga anapopiga kelele "Kengeleni!" pale Kisauni, anaitaja kengele ya watu hao. Sisi wenyewe tulikuwa ng'ambo ya mtu.

Kuhusu pesa, kwa vile ndiyo kazi yangu. Tuma pesa kuliko vitu, isipokuwa kitu hicho hakipatikani kule kabisa. Watu wawili waidhinishe, mmoja wao asiwe na undugu na mchungaji. Omba picha za risiti. Picha za watu wanaolia usiombe. Na sisi tumejiwekea kwamba zinazokwenda mbali zisizidi zinazovuka feri. Wapo wanaosema huo ni uchoyo. Waje Jumanne.

Wageni nao ni umisheni, na wanachosha. Kikundi kimoja kilitaka kupaka rangi darasa. Mtongwe kuna fundi wa rangi ambaye hajapata kibarua wiki tatu. Kwa nini brashi ashike mwalimu mstaafu aliyekata tiketi ya ndege? Tulimwajiri fundi kwa mchango wao, na wao tukawauliza kila mmoja anajua kazi gani. Mmoja alikuwa mhasibu. Alikaa nami siku tatu mezani, mahamri na mbaazi katikati yetu, akaninyooshea vitabu vilivyokuwa vimepinda tangu mweka hazina aliyenitangulia. Wakitaka kupelekwa nyumba za watoto yatima wakapige picha, sema hapana. Serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za aina hiyo tangu 2017, na sababu mojawapo ni biashara iliyokuwa imejificha nyuma ya picha kama hizo.

Pemba tunaendelea nao kwa simu, yule kijana wa Dar akitutafsiria. Mbegu walinunua, mahindi na kunde, na risiti zilikuja zimeloa lakini zinasomeka. Mwezi uliopita mzee aliuliza habari za watoto wa Jumanne, niliowahi kumsimulia usiku ule. Kisha akatuma kitu walichochanga kanisani kwao. Ilipobadilishwa ilikuwa shilingi 2,400. Mwenyekiti alinunua mikeka miwili na beseni Kongowea.

Daftari langu lina safu ya "kwenda ng'ambo" tu. Ilibidi nichukue rula, nichore nyingine.